Hesabu ya Gloria Imegoma

Kijiwe chetu cha Bariadi kinapakana na meza ya Machibya, fundi baiskeli. Juzi Machibya hakugusa spana. Binti yake Gloria, mtaalamu wa nishati huko Ulaya, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, naye alitusikilizisha mara tatu kahawa ikipoa: "Baba, niombee. Mtambo tunaotaka kuujenga utachoma gesi inaitwa tritiamu. Duniani ni haba, kwa hiyo mtambo lazima uzalishe yake wenyewe kutoka kwenye lithiamu. Hesabu yangu ya kompyuta ilisema itatosha. Jaribio limesema haitoshi. Saa nane ya kwenu naenda kuwaambia wakubwa."

— Ni kama zizi, alisema Januarius, mpima pamba tunayemwita Mizani. Ukichinja mmoja azaliwe mmoja, na wa ziada kufidia wanaokufa.

— Basi zizi la mwanangu linaisha, Machibya akasema.

— Shida ni lithiamu, akadakia Method, fundi simu, maarufu kama Betri. Si ndiyo wanayozalishia? Wameuziwa feki!

— Ulaya wauziwe feki? Mizani akauliza.

— Feki inachagua sura? Mimi naogopa zaidi mionzi ya hiyo gesi. Mchovya asali hachovyi mara moja. Ikikugusa leo, kesho inarudi.

— Methali hiyo si ya mionzi, Betri.

— Ni ya chochote kinachonata! Halafu kosa watambambikia Gloria. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watamnyang'anya pasipoti, na mtambo ukikosa chakula utakunywa maji ya maziwa yote, mpaka ziwa letu pale Lamadi!

— Nyamaza wewe! Mizani akafoka. Kisha, polepole: Lakini angekaa kimya, nani angejua?

Machibya alijifuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

— Mimi ndiye niliyemharibu. Alipokuwa mdogo alikaza breki ya mteja vibaya. Nikamwambia amfuate mpaka kijijini Zagayu akamwambie. Akaenda kwa miguu.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita.

Akaja Milembe, muuza samaki, kuchukua baiskeli yake.

— Mwadila, baba, akasalimia kwa Kisukuma. Mbona kimya?

Tukamsimulia. Alisikiliza amesimama.

— Sasa akitoka kwenye hicho kikao, nani yuko mlangoni kumpokea?

Machibya akapiga simu.

— Baba? Nimewaambia. Nimeambiwa nisubiri nje, kwenye korido.

— Uko na nani?

— Peke yangu.

— Usikate, mayu, mama yangu. Tunasubiri wote.

Akaiweka simu katikati ya vikombe. Tukakaa, tukisikia milango ya mbali ikifunguka na kufungwa.