Fundi Ringi na Injini Iliyojengwa kwa Mikono ya Mkewe

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono asubuhi ya leo, familia imeona ni vyema mkamjua mpendwa wetu kwa urefu kidogo kabla hatujamsindikiza, kwa kuwa wengi wenu mlimjua kwa sauti ya injini zake tu, na wengine kwa moshi.

Marehemu, ambaye karibu wote tulimwita Fundi Ringi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili wa mpasua mbao na mkulima wa bustani, katika nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa kiwanda cha mbao. Baba yake alikuwa na msumeno wa injini, ule unaotumia petroli iliyochanganywa na oili, na bibi yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu halali mpaka msumeno ungurume, na ukizimwa tu anaamka kulia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akakaa sekondari miaka miwili, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu ukerezaji wa vyuma mwaka 1977, akiwa wa nane darasani, jambo alilolitaja bila haya, kwa maelezo kwamba saba waliomtangulia wote waliishia ofisini.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika karakana ya idara ya maji, akikereza shafti za pampu, akaitumikia hadi mwaka 1996 ilipofungwa. Hakukaa kushika tama. Alinunua mashine ya kukereza iliyokuwa imetupwa uani kwa waajiri wake, akaisafisha kutu, akaisimika bandani nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo misumeno, pampu na pikipiki za eneo zima zilipita mikononi mwake.

Alifunga ndoa mwezi Agosti 1983 na fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha kushonea mkabala na karakana ya maji. Alimfahamu kwa kumpelekea ovaroli yenye tundu gotini, likashonwa, na wiki iliyofuata akairudisha ikiwa na tundu jingine, ambalo mshonaji aliona mara moja kuwa limekatwa kwa mkasi. Posa yake ilikuwa ringi ya pistoni ya pikipiki kubwa, aliyomvisha mkononi kama bangili, akimhakikishia kuwa chuma kile hakichakai. Siku ya tatu kilivunjika, baada ya kuacha alama nyeusi kwenye gauni jeupe alilokuwa akimshonea bibi harusi wa watu, na tangu hapo bwana huyu akawa Ringi. Walijaliwa watoto watatu, wawili wakatutoka wakiwa wachanga, akabaki binti mmoja, aliyezaliwa Novemba 1991, ambaye leo ni dereva wa katapila kwenye machimbo ya kokoto.

Mwaka 2012 mkono wa kulia wa marehemu ulianza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia chai, akaacha chai, mkono ukaendelea. Nati zilianza kumponyoka, na mkewe, akiwa kwenye cherehani upande wa pili wa ukuta wa banda, alizisikia zikigonga sakafu, kisha kimya kirefu, akajua kwamba baba yuko chini anazitafuta kwa magoti, lakini hakwenda, kwa sababu alijua asingependa kuonwa. Madaktari walieleza kuwa ni ugonjwa wa neva, ambao dawa zingeupunguza makali lakini zisingeuondoa. Taratibu mkono wa kushoto nao ukafuata, na sauti ikaanza kufifia.

Hali ilikuwa hiyo mwaka 2016, binti yao aliponunua shambani kwa mtu pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, ile ya kupita mchangani na vilimani, yenye injini ndogo ya mipigo miwili, inayotumia petroli yenye oili kama ule msumeno wa baba yake, iliyokwisha kupasuka. Alitaka kuingia nayo kwenye mashindano ya kila mwaka katika machimbo ya zamani ya mchanga, ambako kuna kilima kirefu ambacho wengi huishia katikati yake. Baba aliikodolea macho ile injini siku kadhaa, kisha akatoa hukumu kwamba haitupwi, inarefushwa: pini inayoshika mkono wa pistoni isogezwe mbali zaidi na kitovu cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ili pistoni ipande na kushuka kwa mwendo mrefu kuliko ilivyotoka kiwandani, ivute hewa na petroli zaidi, ipate nguvu. Ni kazi inayopimwa kwa upana wa unywele, na yeye kijiko tu kilikuwa kimeshamshinda.

Ndipo alipomgeukia mkewe, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akikanyaga karakana ile ya bandani kwa kuleta chai tu, akamwambia, “Mama, niazime mikono yako.”

Mama alidhani ni mzaha. Lakini kesho yake alifunga chumba cha kushonea mapema, akavaa ovaroli ya mumewe, akasimama mbele ya mashine roho mkononi. Marehemu aliketi pembeni kwenye kiti chenye mto, akielekeza, na kwa kuwa hakuwa mwalimu mpole, haikuchukua muda mama akamweleza kwamba kama anataka mtu wa kumfokea akatafute mwingine, naye akapunguza ukali. Waliharibu krenki moja, ya pili ikatoka sawa. Kwa kuwa sasa pistoni ingepanda na kugonga kichwa cha injini, walikata bati la aluminiamu la kuinua silinda, na kwa kuwa ingeshuka na kugusa krenki, ilibidi ukingo wake wa chini upunguzwe. Alipoambiwa kwamba ukingo ule mafundi huuita sketi, mama alicheka hadi akakaa chini, akasema angeambiwa hivyo zamani angekuwa ameshaingia kazini, maana kupunguza sketi ndiyo riziki yake.

Mwezi Aprili 2017 binti aliijaribu kilimani. Ilipanda vizuri hadi zaidi ya nusu, ikalia sauti nyembamba, ikajamu. Injini ile iliyorefushwa ilikuwa ikivuta hewa nyingi kuliko petroli, na marehemu, kwa mazoea, alikuwa ameagiza tundu la petroli kwenye kabureta liachwe lilivyokuwa, hivyo pistoni ikapata joto, ikavimba, ikang'ang'ania. Magurudumu yalifunga ghafla, pikipiki ikateleza kinyumenyume, ikamrusha binti, akavunjika mfupa wa mtulinga, karibu na bega.

Walipotoka hospitali, mama alifunga karakana na kutia ufunguo mfukoni. Alisema amezika watoto wawili, na huyu mmoja hatamtoa kwa ajili ya kelele. Marehemu alikaa barazani akitazama mikono yake, chakula kikawa kinarudi jikoni kilivyokwenda, na mama alipita mbele yake mara nyingi kwa siku bila kusimama, kwani hasira ilikuwa imemwisha na hofu haikuwa imemwisha.

Aliyesababisha mlango ule ufunguliwe tena ni binti, mkono wake ukiwa bado umefungwa shingoni. Alimkuta mama jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini, “Mama, mimi nitapona. Baba haponi. Usimwache aondoke na hili.”

Mama alimaliza kuosha vyombo, akajifuta mikono, akaenda barazani akamshika mumewe kwapani, akamwinua, wakaenda pamoja taratibu hadi mlangoni mwa karakana.

Walianza upya. Safari hii mama hakukubali kipimo chochote kwa sababu tu baba amekisema, alipima, akauliza kwa nini, akapima tena. Sauti ya marehemu ilikuwa imebaki mnong'ono, ikabidi kila mara mama aache spana na kutega sikio mdomoni mwake. Injini ilipowaka, alimshikia kijiti cha mbao, upande mmoja kwenye silinda na wa pili sikioni kwa mzee, naye alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa, wakabadilisha tundu la kabureta, wakawasha tena, hadi alipoacha kutikisa kichwa.

Mwezi Septemba jirani yetu mwenye pikapu alimbeba na kiti chake hadi machimboni, siku ya mashindano. Binti hakushinda, alishika nafasi ya nne, lakini kilima alikipanda chote, na tulimwona akipotea upande wa pili. Marehemu aliashiria anataka kusema. Mkewe aliinama, akijiandaa kwa neno la kuaga, akasikia, “Oili imezidi kidogo kwenye mchanganyiko.” Alicheka na kulia kwa pamoja, hata waliokuwa karibu wakadhani kuna msiba. Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho aliyoisikia nzima kutoka kwake.

Mwezi Desemba mapafu yake yalianza kujaa maji, akalazwa, na tarehe 14 Januari 2018, saa tisa alasiri, akatutoka, mkewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Mama alikuwa ameushika ule mkono wa kulia. Ulitulia mkononi mwake. Alingoja utetemeke tena, akangoja, na hakuhitaji daktari amwambie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu hata alipowaelekeza kwa ishara namna ya kutengeneza feni ya wodini, inawashukuru wenzake wa idara ya maji, ambao hawakumsahau ingawa kazi yao iliisha zamani, na inawashukuru majirani, mliovumilia makelele yetu na kufua upya nguo zilizonuka moshi. Ameacha mjane na binti mmoja.

Fundi Ringi, kazi umeifanya, na uchovu tumeuona kwa macho yetu. Keti sasa, baba, na pumziko lako liwe na utulivu.