Asubuhi Awiti Alipoomba Uji

Wasifu wa marehemu Felgona Apondi, 1951–2025

Tumekutana hapa Kaloleni, Nairobi, kumsindikiza Mama Felgona Apondi, kabla ya kumpeleka Alego, Siaya, ambako kesho atalazwa kando ya mumewe. Huko Alego ndiko alikozaliwa tarehe 14 Aprili 1951. Wazee walisema alilia kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya mto, na sisi tuliokaa naye tunaweza kushuhudia kwamba hakuwahi kuipunguza.

Alisoma shule ya msingi kijijini hadi darasa la saba, akaingia sekondari, lakini karo ilikatika alipokuwa kidato cha pili. Mwaka wa 1970 alikuja Nairobi kwa shangazi yake Makongeni, na mwaka uliofuata akaajiriwa na baraza la jiji kama opereta wa simu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka wa 2001. Ukimpigia mara moja, mara ya pili hukuhitaji kujitaja. Kuna mkubwa mmoja aliyempigia asubuhi, na kabla hajaomba kuunganishwa popote, Mama akamwambia, “Mzee, hayo mafua yako ni ya kitandani, si ya ofisini.” Mkubwa alirudi nyumbani kulala.

Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa na Phares, fundi wa reli, mtu mpole aliyejua kumnyamazia. Walijaliwa wana wawili, Sylvance na Austine. Phares alitutoka mwaka wa 2012. Mama alikataa kuhama. Alisema hawezi kumwacha Phares peke yake kwa nyumba. Sisi tulicheka, tukadhani ni mzaha wake wa kawaida.

Tarehe 11 Machi 2017, Jacklyne, mke wa Austine, alijifungua binti. Mamake Jacklyne, Adhiambo, alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia, na Jacklyne alikuwa ameshaamua moyoni kwamba mtoto ataitwa Adhiambo. Lakini mtoto alilia. Alinyonyeshwa, akabebwa, akaombewa, na bado akalia. Kwetu Waluo, mtoto wa kulia hivyo huwa anadai jina, na marehemu anayetaka kuitwa huja kwa ndoto kujitambulisha.

Asubuhi moja Mama Apondi alitoka chumbani na kuelekeza kidole jikoni.

“Awiti amekuja,” alisema. “Amekaa hapo kwa stuli, anaomba uji.”

Awiti alikuwa mama mkwe wake, aliyezikwa tangu 1989.

“Umemwota, mama?” Austine aliuliza.

“Nani ameota? Si huyo hapo?”

Nyumba nzima ilifurahi. Hakuna aliyeshtushwa na jibu lile; tulichosikia ni jina tu. Mtoto aliitwa Awiti, naye akanyamaza palepale, akalala. Jacklyne alimeza jina la mamake, akasema ni sawa, na tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Mama Awiti.

Ugonjwa wa Mama ulithibitishwa na daktari mwaka wa 2021, ule wa kupoteza kumbukumbu. Alianza kutotambua sauti za majirani, kisha nyuso, kisha wanawe wenyewe. Jacklyne ndiye aliyemwogesha na kumlisha muda huo wote, na hilo lisemwe wazi hapa ili lisije likasahaulika.

Februari 2024, dada mmoja anayeitwa Hayat alitutembelea. Alikuwa mtafiti. Alieleza kwamba wanataka kujua maradhi haya huanza lini, na kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hawezi kusema, wanawauliza watu wake watazame nyuma. Swali lilikuwa rahisi: ni lini mara ya kwanza mliona mabadiliko?

Sylvance alisema 2021, kwa sababu hapo ndipo daktari aliposema. Austine alisema 2020, wakati wa korona, Mama alipounguza sufuria mpaka ikatoboka. Walibishana kama watu wanaogombea shamba. Hayat aliwatuliza, akasema kila mtu hukumbuka kwa kushikilia jambo lililomgusa, na akirudi mwakani huenda wakamtajia mwaka mwingine kabisa.

Kisha akamgeukia Mwanasiti, jirani wa mlango wa pili, ambaye kila Ramadhani alikuwa akimletea Mama futari.

“Mimi naona ilianza kabla ya hapo,” Mwanasiti alisema. “Kuna Ramadhani moja alinirudishia nusu ya sahani. Akaniambia, ‘Mwekee Phares, akitoka reli atapitia kwako.’ Na Phares yuko kaburini mwaka wa nne huo. Nikasema ni huzuni tu, mwanamke mwenzangu anamkumbuka mumewe. Nikanyamaza.”

“Ramadhani ya mwaka gani, mama?”

“Ile ya mwisho kabla hajazaliwa huyu mtoto.”

Jacklyne alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Alikiweka chini. Kama Mama alikuwa anawaona wafu tangu wakati huo, basi ni nani aliyeomba uji? Na kama hakuna aliyeomba, mamake mzazi alinyimwa jina kwa sababu gani?

“Na wewe, Mama Awiti?” Hayat aliuliza. “Wewe uko naye kila siku.”

“Andika elfu mbili na kumi na nane.”

“Kuna kitu kilitokea mwaka huo?”

“Hakuna. Wewe andika tu. Na hiyo Ramadhani uitoe.”

“Siwezi kuitoa, dada. Naandika vile kila mtu amesema.”

Tangu siku hiyo Jacklyne alianza kumwota Adhiambo. Husimama mlangoni, haingii, hasemi kitu. Jacklyne aliogopa sana. Mara nyingi alimwinamia mkwewe na kumwuliza, “Mama, asubuhi ile alikuja nani?” Mama Apondi alimtazama kwa upole na kumjibu, “Umekula?”

Mama alifariki tarehe 9 Agosti 2025, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Jacklyne. Hakuwa amemjibu. Ni Jacklyne mwenyewe aliyetaka haya yasomwe leo mbele ya wote.

Ameacha wana wawili, Sylvance na Austine, mkwe, Jacklyne, jirani aliyekuwa dada, Mwanasiti, na mjukuu, Awiti. Tulimwuliza mtoto kama angependa kuongezewa jina la Adhiambo. Alisema jina lake ni Awiti, nyanya ndiye aliyempa, na akarudi kucheza.

Mama Apondi, tunaamini huko ulikoenda umerudishiwa kumbukumbu zako zote. Sasa unajua kama ni Awiti aliyekaa jikoni, au hakukuwa na mtu. Sisi hatutajua. Tunakuomba jambo moja, na tunaliomba kwa niaba ya aliyekuosha mpaka siku ya mwisho: mtafute Adhiambo. Umweleze wewe mwenyewe, kwa sauti yako ile. Mwambie bintiye hakumsahau, na umtoe pale mlangoni.

Mpumzike kwa amani nyote watatu, wewe, Awiti na Adhiambo.