Siku Moja Kabla ya Nishani

Hebu fumba macho kidogo, uione Mlandege ya Iringa mwaka wa hamsini na tatu, asubuhi ya baridi, ukungu bado umelala bondeni. Ione benchi ya mbao mbele ya duka la mshona nguo, na Mzee Alawi, muuza kahawa, ameinama anapuliza makaa. Wanaume watatu wamejikunyata ndani ya makoti. Wa katikati ni Saulo, ambaye kijiwe kizima humwita Koplo kwa kuwa alipigana Bama, huko Asia, katika vita vya Hitla. Tangu wiki iliyopita ana barua ya boma. Inamwita kesho saa tatu, avishwe nishani mbele ya watu wote.

— Hebu isome tena, alisema Yotamu, dereva wa lori la mchele la Chimala, waliyemwita Gia.

Ahmadi akaipokea barua. Huyu walimwita Redio, maana alizipata habari kabla hazijatokea.

— “Aheshimiwe kwa ushujaa wake wa kumvusha mtoni afisa wake aliyejeruhiwa.” Basi. Na muhuri huu hapa.

— Miaka tisa wamenyamaza, leo ndiyo wanakumbuka? alisema Gia. Ng'ombe akisifiwa pembe, ujue kisu kinanolewa.

— Wanamtaka tena, alisema Redio. Kenya kuna vita vya msituni. Kesho nishani, keshokutwa buti.

— Mtu mwenyewe goti bovu.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hapo maana yake nini?

— Maana yake goti si neno.

Gia akasogea karibu, akapunguza sauti.

— Mimi nilisikia mengine. Makongolosi, mwaka jana, walimwita mzee mmoja aliyekuwa askari wa Keya. Wakampa chai, wakampima kifua. Hakuonekana tena. Mumiani hao. Damu ya mtu aliyeona vita haigandi, inatafutwa mpaka Ulaya. Bandu bandu, huisha gogo.

— Gia, mwenzako anakunywa kahawa, alisema Mzee Alawi. Acha habari za damu.

— Damu kitu gani, alisema Redio. Wanataka kivuli chake. Watampiga picha, picha iende kwa Malkia. Hapa utabaki mwili tu, unakula na kulala, mwenyewe hayumo.

Walicheka kidogo, kisha wakatazama upande wa boma, wakaacha.

Saulo hakucheka. Hakuogopa buti wala sindano. Aliuogopa ule mstari wa barua unaotaja mto. Siku ile watu wawili walikuwa wamelala matopeni ng'ambo, wamejeruhiwa: afisa, na Anania wa Chimala, aliyekula naye sahani moja tangu kambini. Saulo alikuwa na mgongo mmoja. Sajini akaamuru, afisa kwanza. “Narudi,” Saulo akamwambia Anania. “Usikawie,” Anania akajibu. Alipomfikisha afisa ukingoni, amri ikatoka kwamba wote warudi nyuma, naye akatii. Tangu vita viishe hajakanyaga Chimala. Na kesho mto ule utasomwa kwa sauti mbele ya mji mzima.

— Nikimbilie wapi? aliuliza.

Wakatazamana. Koplo hakuwa mtu wa kuuliza hivyo.

— Makongolosi, alisema Gia. Mtu akiingia kwenye mashimo ya dhahabu, hata mkewe hampati. Nitakufikisha Chimala, utapata gari lingine.

— Si umesema huko kuna mumiani?

— Hiyo ilikuwa mwaka jana.

Mwanamke mmoja alikuwa akija kutoka sokoni, kitenge begani, miguu imejaa vumbi la safari.

— Hodi, jamani. Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Namtafuta Koplo Saulo. Huyu dereva alitangaza kwetu Chimala kuwa anapewa nishani. Mimi ni Tusekile, dada yake Anania.

Gia aliinamisha kichwa. Saulo alisimama, kahawa ikamwagikia viatu.

— Sikuja kwa ugomvi, kaka. Serikali ilituandikia neno moja tu: amepotea. Mama hajanyoa nywele, hajakaa matanga. Kila jioni anamwekea chakula chake, kila asubuhi anawamwagia kuku. Sasa anaumwa, hatapona. Amenituma kwako wewe uliyekuwa naye. Tumlilie, au tuendelee kungoja?

Mzee Alawi alishika vikombe asijue aviweke wapi. Saulo alilitafuta jibu. Akisema walie, amemzika mtu aliyemwacha anapumua. Akisema wangoje, amemdanganya mgonjwa.

— Sijui, dada, alisema mwishowe. Nilimwacha akiwa hai. Nilimwambia narudi.

Tusekile hakulia.

— Hayo njoo umwambie mama mwenyewe. Mimi siwezi kuyabeba.

Saulo alimgeukia dereva.

— Gia, unaondoka saa ngapi?

— Sasa hivi. Lakini Koplo, kesho bomani…

Saulo alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya lori, juu ya magunia matupu, anamnyooshea Tusekile mkono apande naye.

Kesho yake jina la Saulo liliitwa bomani mara tatu, hakuna aliyeitika. Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, siku utakapomwona mtu amevaa nishani, nakuomba ukumbuke jina moja tu ambalo barua ile haikulitaja: Anania, mwana wa Lutengano, wa Chimala.