Historia ya Tochi, Mtengeneza Taa za Kuchungulia Tumbo

Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, nilikuwa uani nakamua mashuka ya mdogo wangu, maana tuliambiwa huenda angeruhusiwa kutoka hospitali Alhamisi, ndipo shemeji, mumewe, akapiga simu akasema, "Dada, acha kufua," nami nikaendelea kukamua shuka lile lile, nikidhani ananionea huruma.

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa marehemu, na aliyetakiwa kusoma hapa ni kaka yetu mkubwa, dereva wa lori, lakini leo sauti yake haitoki, sababu nitaieleza mwishoni.

Marehemu, ambaye wote tulimwita Tochi, alizaliwa mwaka 1977 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitinda mimba wa watoto watatu. Cheti kinasema tarehe 9 Mei, mama anasema tarehe 6, na kwa kuwa cheti kiliandikishwa na baba ambaye siku hiyo alikuwa safarini, sisi tunashika ya mama. Jina la Tochi alilipata akiwa na miaka sita, alipofungua tochi ya baba ili aone mwanga unalala wapi ikizimwa, na usiku ule baba akaenda zamu na kibatari.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1984 hadi 1990, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1996, na mwaka 2001 akahitimu chuo kikuu, uhandisi wa umeme. Mwaka huohuo baba alifariki kwa maradhi ya tumbo, siku zile tuliyaita vidonda, na hakuna aliyechungulia ndani kujua.

Mwaka 2003 aliajiriwa na kiwanda cha vifaa vya hospitali, idara ya usanifu, akabaki huko mpaka mwisho. Kazi yake wengi wetu hatukuielewa, mama aliwaambia majirani kuwa binti yake ni daktari, wakawa wanamletea watoto wenye masikio yanayouma. Ukweli ni kwamba alitengeneza taa za ule mpira mwembamba unaoingizwa mdomoni ili daktari aone tumbo kwa ndani, mwanga ukitoka kwenye sanduku nje, ukipita katika nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, ukipinda kila mpira unapopinda, na kutokea kwenye vidirisha viwili kando ya kamera, bila kumuunguza mtu. Shida, alisema, si giza, shida ni kwamba tumbo lina majimaji, na kilicho na majimaji kikimulikwa kinang'aa cheupe, na weupe ule unaficha. Kila Ijumaa alinunua utumbo wa ng'ombe wa kufanyia majaribio, hata muuza nyama akamwuliza mgahawa wake uko wapi, naye aje kula.

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, na siku hiyo alimsimamisha mpiga picha asogeze taa kwa sababu paji la uso la mama mkwe lilikuwa linang'aa. Walijaliwa mabinti wawili, wa mwaka 2006 na wa 2010.

Mwanzoni mwa 2022 tumbo lilianza kumsumbua, na tarehe 17 Machi alipimwa kwa mpira wenye taa yake mwenyewe, akakataa dawa ya usingizi ili atazame skrini, na mimi nilisimama kichwani pake. Daktari aliona doa jeupe, akataka kukata kinyama kidogo kikapimwe, Tochi akapunga mkono kukataa, na mpira ulipotoka tu akasema, "Huo ni mng'ao wa taa yangu, naujua kama sura ya mwanangu." Daktari alikuwa amefundishwa chombo kile na yeye, akacheka, akamwachia. Sijui hapo nimlaumu nani, nimejaribu wote wawili, na hata ile taa, na kila mara naishia nilipoanzia.

Alirudi kiwandani kuupiga vita mng'ao ule, akabuni taa ambayo vidirisha viwili vinamulika kwa zamu, mng'ao unahama kila zamu inapobadilika, na kitu cha kweli kinabaki pale pale. Tarehe 9 Februari 2023, maumivu yakiwa yamezidi, alilala kitanda kile kile, kwa daktari yule yule, na mpira mpya uliokuwa kwenye majaribio. Taa zikabadilishana, weupe wote ukaruka upande wa pili, doa moja halikuhama. Tochi alilitazama, kisha akainua kidole gumba. Mpaka leo sijui kidole kile kilikuwa cha taa kufanya kazi, au cha kumruhusu daktari akate. Ilikuwa saratani, akafanyiwa upasuaji, akapewa dawa kali, akaaga dunia Jumanne ile ya mashuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, yule daktari akiwamo, na hilo nalisema kwa dhati, pia wafanyakazi wenzake waliomletea kazi kitandani alipoiomba, majirani, na muuza nyama, aliyefunga duka leo.

Sasa kaka. Daktari alituambia sote tuliozaliwa na baba tupimwe, mimi nilikwenda mwaka jana nikaonekana salama, lakini kaka, anayetafuna vidonge vya kiungulia kama karanga, alisema, "Mwenye taa kadanganywa na taa yake, mimi nikatafute nini huko?" Niliacha kubishana, nikamsimulia tu lile doa ambalo halikuhama.

Jana jioni nilipakua chakula, nikahesabu kama ninavyohesabu kila siku, mama, shemeji, mabinti wawili, wanangu wanne, kaka na mimi, wote tulikuwepo. Kaka aliifunika sahani yake. "Kula, kaka," nikamwambia, akajibu, "Kesho alfajiri natakiwa tumbo tupu. Nikingoja mazishi yaishe, nitaghairi." Amepimwa leo kabla hatujaja hapa, koo lina ganzi, kinyama kimekatwa, majibu ni wiki ijayo, na tutayapokea yalivyo.

Lala sasa, mdogo wangu. Tupo wote.