Kiingilio cha Mzee Gervasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi. Kama kuna chai jikoni, jimiminieni, kisha sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakupenda kuona watu wamesimama nje.

Jina lake ni Gervasi. Mzee Gervasi wa Bashay, wilaya ya Mbulu. Alifariki siku tisa zilizopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alifia nyumbani kwake, mke wake Kornelia akiwa ameshika mkono wake. Hakuwahi kuwa mchezaji. Hakuwa kocha, wala mwenyekiti. Alikuwa mtu wa getini katika uwanja wa timu ya Upepo, inayocheza ligi ya mkoa. Alikaa pale getini miaka kumi na minne.

Jumamosi hii, wasikilizaji wapendwa, Upepo inacheza tena nyumbani Bashay. Msimu mzima uliopita haikucheza nyumbani. Imerudi kwa sababu ya Mzee Gervasi, na tutawaeleza ilivyokuwa.

Tukisema geti, msifikirie chuma. Ni nguzo mbili za mkaratusi na kamba ya katani katikati. Ukilipa kiingilio, Mzee Gervasi anaishusha kamba, unavuka. Akija mama mwenye mtoto mgongoni, aliishusha mpaka ikalala chini kabisa, mama asipate taabu ya kuinua mguu. Yeye mwenyewe aliketi kwenye kigoda, goti la kulia amelinyoosha mbele. Goti hilo liliangukiwa na mti shambani zamani, na halikukunjika tena. Likumbukeni goti hilo. Kwa ajili ya goti hilo Mzee Gervasi hakuweza kupanda lori. Upepo isipocheza Bashay, yeye hakuiona.

Uwanja wenyewe ulikuwa malisho. Asubuhi ng'ombe, jioni mpira. Upande wa chini kuna korongo, na mpira ukitumbukia huko, timu zote mbili zinakaa chini kusubiri. Wachezaji walibadilisha nguo nyuma ya ua wa minyaa, wageni upande huu, wenyeji upande ule. Mvua ikinyesha walilowa wote sawasawa.

Miaka miwili iliyopita wakaja wakaguzi wa ligi. Walikuwa watu waungwana. Walikunywa chai kwa Kornelia, wakapima, wakaandika. Kisha wakasema wazi: vijengwe vyumba viwili vya kubadilishia nguo, kichimbwe choo, na uwekwe uzio kati ya watazamaji na wachezaji. Muda ni mpaka mwisho wa msimu. Isipokuwa hivyo, mechi za nyumbani za Upepo zitahamia Katesh, wilaya ya Hanang.

Kamati ikakutana. Mweka hazina wa timu ni Tawakali, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Dongobesh. Alisimama akasema maneno machache. "Tuna hela ya kukodi lori mara mbili. Ukuta hatuna."

Mzee Gervasi alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Kornelia anatuambia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani akala ugali nusu, akasukuma sahani. "Akaniambia, mama Bonaventura, wakihamia Katesh mimi mpira sitauona tena."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mechi. Jirani yake Sebastiani akapita na mkokoteni wa maksai, umejaa mawe. Mnajua mashamba ya kule. Kila mwaka unalima, na kila mwaka mawe yanachomoza upya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mawe unayapeleka wapi?"

"Korongoni, nikayatupe. Yamenivunjia plau."

"Na mpira huangalii?"

"Ningeangalia, ila mfukoni hamna kitu."

Mzee Gervasi akayatazama yale mawe. Akatazama nyuma yake, mahali wakaguzi walipoweka vigingi vya vyumba. "Yashushe hapa nyuma yangu," akasema. "Ukimaliza, ingia. Na maksai wafunge mbali na kona, tusije tukaambiwa tumechezesha watu kumi na tatu."

Ndivyo ilivyoanza. Mechi iliyofuata watu watatu walikuja na mawe. Iliyofuata tena, zaidi ya ishirini. Mwenye shilingi mia tano alilipa mia tano. Asiye nayo alileta jiwe, na sharti lilikuwa moja tu: liwe jiwe la kubebwa kwa mikono miwili. Kijana mmoja anaitwa Marko alikuja na kijiwe kama yai.

"Hilo ni la manati, Marko," Mzee Gervasi akamwambia. "Rudi, kachukue kaka yake."

Marko alirudi na jiwe kubwa mpaka akawa anatembea upande. Akakosa kuona bao la kwanza. Mpaka leo anasema hakuna mtu aliyewahi kulipia mpira ghali kama yeye.

Lakini siku moja alifika bibi mwenye fimbo, amefunga jiwe kwenye kitenge. Lilikuwa dogo. Watu wakacheka. Mzee Gervasi alilipokea kwa mikono yake miwili, kana kwamba ni zito, akaliweka peke yake pembeni. "Hili ni la pembe ya msingi," akasema. Kamba akaishusha mpaka chini.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tunasema na lile ambalo halikwenda vizuri. Mzee Gervasi hakuiambia kamati. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliogopa watamkataza. Mawe yakapanda, hela zikashuka. Siku ya kwenda kucheza Katesh ikafika, mwenye lori akataka malipo kabla ya kuwasha gari, na boksi la kiingilio lilikuwa jepesi. Timu haikwenda. Katesh wakapewa ushindi wa mezani. Upepo ikapoteza pointi tatu bila kugusa mpira.

Tawakali akapanda pikipiki mpaka Bashay. Akamkuta getini. Nahodha wa timu, Emanuel, alikuwepo pia, na wachezaji wengine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini Jumapili nilikaa pale juu, nikahesabu watu mia mbili na zaidi. Boksi lina hela za watu sitini. Wale wengine waliingilia wapi?"

"Waliingilia hapa getini."

"Na viingilio vyao viko wapi?"

Mzee Gervasi akanyanyuka kwa kushika nguzo. "Njooni niwaonyeshe."

Akawapeleka nyuma ya minyaa. Rundo la mawe lilimfika Tawakali begani. Alilizunguka lote, polepole.

Emanuel ndiye aliyesema. "Kwa hiyo tumenyang'anywa pointi tatu kwa ajili ya mawe, mzee? Sisi tumefanya mazoezi wiki nzima kwenye baridi."

"Ni kweli, mwanangu," Mzee Gervasi akajibu. "Nilipaswa kuwaambia. Hilo ni kosa langu, wala silitafutii maneno. Lakini mtu aliyebeba jiwe kutoka kwake mpaka hapa, siwezi kumwambia alirudishe shambani."

Emanuel aligeuka akaondoka. Alikuwa na hasira, na haki ya kukasirika alikuwa nayo.

Tawakali akabaki. Akapiga jiwe moja kwa kiganja, kama anavyopiga mfuko dukani kujua kama umeloa. "Saruji ninayo," akasema. "Lakini mzee, kuanzia leo mwenye hela analipa hela. Jiwe ni la asiye nayo. Na kila Jumapili jioni unanipigia simu, unaniambia hela ngapi na mawe mangapi."

"Nitakupigia, mama."

Akampigia kila Jumapili, bila kukosa, mpaka alipougua. Tawakali anatuambia kwamba mara nyingine hakuwa na la kusema zaidi. "Alikuwa anataja hela, anataja mawe, halafu ananiuliza kama mwanangu amepona kikohozi."

Msimu ukaisha kuta zikiwa zimefika magotini. Muda ulikuwa umekwisha, na mechi za nyumbani zikahamia Katesh kama ilivyosemwa.

Siku ya mechi ya kwanza huko Katesh, Mzee Gervasi alivaa koti lake, akachukua kigoda.

"Unakwenda wapi na timu iko Hanang?" Kornelia akamuuliza.

"Nakwenda kazini."

Kornelia anasema alimtazama akishuka njia na lile goti lake, akashindwa kubaki. Akachukua simu, akamfuata. Kule Katesh kuna mfanyabiashara wa mahindi anaitwa Abdulrahim. Huyu ndiye aliyewapa wachezaji wa Upepo ghala lake wapumzike kabla ya mechi, akawapikia na chai, bila kuombwa na mtu. Kornelia akampigia. Abdulrahim akakubali kuwasimulia mpira kwa simu. Kornelia akafungua spika, akaiweka simu juu ya nguzo ya geti.

"Mpira anao Emanuel," Abdulrahim akasema. "Anakwenda. Anakwenda. Subirini kidogo, kuna mtu mrefu amesimama mbele yangu. Kaka, hebu kaa, nina watu wa Bashay hapa."

Siku hiyo walisikiliza watu saba. Mwezi uliofuata walikuwa zaidi ya mia. Watu wazima wamekaa kwenye nyasi, wanatazama uwanja mtupu, na Abdulrahim akisema bao, wanarukaruka kulielekea goli lisilo na mtu. Na kamba ilikuwa juu kama kawaida. Marko aliuliza kama kusikiliza nako kuna kiingilio.

"Umekuja kwa ajili ya Upepo, au umekuja kuota jua?" Mzee Gervasi akamuuliza. Marko akarudi kuchukua jiwe.

Msimu huo mawe yalikuja mengi kuliko msimu wa kwanza. Watu wakajenga kwa kusaidiana, kama wanavyosaidiana kuvuna. Wanawake wakaleta maji kutoka bondeni. Kornelia akapika togwa. Na asubuhi moja Emanuel akaja na wenzake wanne, wamekunja suruali.

"Mzee, tupe kazi."

Mzee Gervasi hakumkumbusha neno lolote la nyuma. Alisogeza kigoda, akaonyesha rundo. "Anza na yale makubwa, mwanangu, wakati mgongo bado mzima."

Mwezi wa saba mwaka huu wakaguzi walirudi. Vyumba viwili vimesimama, vimeezekwa bati. Choo kipo. Uzio wa mawe upo pande tatu, na upande wa korongoni wakaruhusu umaliziwe msimu huu. Wakatia saini. Uwanja wa Upepo umekubaliwa. Mzee Gervasi aliuliza swali moja tu. "Mechi ya kwanza lini?"

Kisha kifua kikamshika, na hakuifikia hiyo siku. Wachezaji wa Upepo ndio waliombeba mpaka kaburini, Emanuel akiwa mbele. Mwanawe mkubwa, Bonaventura, alisema mbele ya waombolezaji: "Mimi mwanawe nilikuja kutoka Babati na shati jeupe la kazini. Alinitoza jiwe." Watu wakacheka huku wanafuta macho.

Juzi tulifika kumpa pole mama Kornelia. Karibu na mlango tuliona jiwe, zuri, lenye pembe zilizonyooka. Tukamuuliza.

"Ni la kwake," akasema. "Kila mechi alibeba la kwake. Hili alilichagua mapema, la Jumamosi hii."

Kamati walikuwa wamekwisha kuja kuiomba kamba, wampe mtu mwingine kazi. Kornelia aliwakaribisha, akawapa chai, kamba hakuwapa. "Niliwaambia kamba nitashika mimi. Kwanza nitalipeleka jiwe lake upande wa korongoni, nilipange kwa mkono wangu. Halafu nitakaa."

Mama Kornelia, Bonaventura na ndugu zako, wanachama wa Upepo na majirani wote wa Bashay, poleni sana. Tunawaombea faraja, na mzee wetu apumzike kwa amani.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, mlioko Daudi, Masieda, Dongobesh, Katesh na kwingineko, zipo timu ndogo karibu nanyi zinazobadilisha nguo nyuma ya miti. Leo, kabla hamjalala, tembeeni kidogo kwenye mashamba yenu na maduka yenu. Tazameni ni kitu gani mlitaka kukitupa.

Jumamosi geti la Bashay linafunguliwa saa nane mchana. Mama Kornelia atakuwa ameketi kwenye kigoda. Ukuta wa korongoni bado haujaisha. Kama huna mia tano, usibaki nyumbani. Ila ulibebe kwa mikono miwili.