Shangazi Aliponililia Nikiwa Hai

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Haiya, mnaitikia kama hamjanywa chai? Bwana asifiwe!

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nimekulia hapa Kabiria. Mnakumbuka ule ukuta wa kando ya posho mill, pale pa kusagia mahindi? Tulikuwa tunachezea mpira pale mpaka mama zetu watuite kwa majina yote mawili. Nikipita hapo hadi leo roho inarudi utotoni, natamani zile jioni na harufu ya mandazi.

Ndugu zangu, baadaye ukuta ukawa wa marehemu. Kijana akifa, wenzake wanamchora pale. Rafiki yangu Oti alichorwa pale. Baada ya kumzika, kazi nayo ikaisha, nikajifungia ndani. Nilimwambia mama, "Nafasi iliyobaki pale ni yangu." Nilimaanisha! Mama akabaki kulia na kuomba.

Vijana wa kanisa wakaamua kuongeza pale picha za walio hai, wakiwa kazini, watoto waone kuna maisha. Mama akawapa picha yangu kimyakimya. Wakanichora nikichomelea geti, nikicheka.

Basi shangazi akatoka Uthiru kutuona. Kuona sura yangu ukutani, uwi! Akajitupa chini. "Baba, umeniachia nani?" Sisi watu wa magharibi mwa Kenya, kilio hakina siri. Majirani wakatoka, wakadhani ni kweli, nao wakaangua kilio. Nikiwa kitandani nikasikia jina langu likililiwa. Mzee aliyenifunza kazi analia, "Huyu alikuwa mkono wangu wa kulia!" Jamani, hakuwahi kuniambia!

Nikatoka mbio, miguu mitupu. Shangazi akapiga nduru nyingine, kisha akanishika masikio. "Kumbe uko! Mbona umeniliza hivi, wewe?"

"Shangazi, nilikuwa tu ndani."

"Ndani wapi? Hutarudi huko!"

Nililia kama mtoto. Bwana alinifungua hapo hapo, mbele ya rangi mbichi. Kesho yake nikaenda kwa mzee, nikashika kazi.

Sasa shangazi ametangulia kwa Bwana. Nammiss sana! Lakini siku ya kumzika sikuwa na neno nililomficha, kwa sababu kila Jumapili nilikuwa nikimwambia nampenda.

Kijana uliyejifungia, mwamini Yesu leo, anakutaka ukiwa hai. Na wengine, simameni! Mgeukie jirani yako, mshike mkono, umwambie, "Nafurahi uko." Mwambie kabla hamjaketi!