Mamisoa Randrianasolo, Dereva Aliyeimba Akirudi Nyuma

Marehemu Mamisoa Randrianasolo alizaliwa Betafo tarehe 9 Februari 1958, mtoto wa nne wa mzee Randrianasolo na mama Rasoazanany, asubuhi ya ukungu ambao mama yake alisema uliingia hadi ndani ya sufuria. Labda ndiyo maana alikuwa mtu wa kuota ndoto mchana. Ukimwita mara tatu, ya nne anaitika, tena kwa upole, kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa umelala.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Betafo, akaacha masomo mwaka 1971 baba yake alipofariki. Kwaya ya kanisa ilimpokea, halafu ikamwomba kwa heshima zote awe anafungua madirisha. Sauti yake, Mungu atusamehe, ilikuwa kama mlango uliokosa mafuta. Hakununa, madirisha aliyafungua miaka tisa.

Mwaka 1980 alihamia Antananarivo, akaajiriwa kuosha madebe katika kiwanda cha maziwa, na mwaka 1985 akakabidhiwa gari la kusambaza. Tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo alimwoa Bodovoahangy, muuza vitumbua vya mchele kule Faravohitra, mji wa juu. Bodo alikaa kwenye kigoda, chini kabisa, konani mwa kichochoro, jiko la mkaa mbele yake. Vichochoro vya kule ni vyembamba, gari haligeuki, huingia kinyumenyume.

Juni 2006 wakazi walilalamika kwamba mlio wa magari ya maziwa yanaporudi nyuma unawaamsha. Meneja wa magari kiwandani, Bwana Herilanto, akaamuru waya wa mlio ukatwe. "Vioo mnavyo," alisema. "Vitumieni." Madereva waliguna, wakatii. Wiki ya pili mwenzao Rolland alirudi nyuma kimya ndani ya ukungu, akasikia kitu kikipondeka. Lilikuwa jiko la Bodo. Bodo mwenyewe alikuwa ameinuka kuchota maji.

Mchana Rolland alifika kwa Mamisoa na kikaango kilichopondwa bapa mkononi. "Kaka, haki ya Mungu sikumwona shemeji."

"Usingemwona," Mamisoa akasema. "Kaa, unywe maji ya ukoko wa wali kwanza."

Lakini tangu siku hiyo yeye mwenyewe aliogopa kila alipotia gia ya nyuma, maana kwenye kona za njia yake walikaa wake za wenzake wakiuza vitumbua.

Madereva wakamtuma kwa meneja akawasemee mlio urudishwe. Meneja alitoa robo saa. Sasa, sisi watu wa nyanda za juu hatuingii kwenye neno bila kuomba radhi. Mamisoa aliomba radhi kwa mababu, kwa wazee, kwa waliostahili kusema kabla yake, kwa wasiokuwepo, kwa meneja na kwa wazazi waliomzaa meneja. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza shukrani Bwana Herilanto aliposimama. "Asante, mzee wangu. Maneno mazuri sana." Kikao kikaisha.

"Umetumaliza, kaka," Rolland alimwambia nje. "Ulibakiza nini?"

"Nilikuwa bado sijamfikia Bodo," akajibu, na machozi yakamtoka.

Alfajiri iliyofuata alitia gia ya nyuma, akashusha kioo, akaimba wimbo wa kanisani mwanzo hadi mwisho. Wauza vitumbua walinyanyua vigoda vyao wakipisha, mbavu hawana. Meneja alimwonya kwamba atafukuzwa, yeye akaendelea kuimba. Wenzake wakamfuata, kila mtu na wimbo wake, ikawa mji wa juu unaamka kwa sauti za watu wasioonekana, zikija taratibu ndani ya ukungu, zikifuatwa na harufu ya maziwa.

Mama mmoja alifungua dirisha. "We baba, huyo ng'ombe unayemchinja hafi tu?"

"Samahani, mama. Afe vipi, na maziwa mnayataka?"

Kufikia Agosti wakazi wenyewe walikwenda kiwandani kubembeleza mlio urudishwe. Waya ukaungwa. Tangu jiko lile, hakuna aliyegongwa kwenye vichochoro vile hadi Mamisoa alipostaafu mwaka 2018.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mei 2023 miguu ilivimba, akalazwa, akarudi nyumbani Ambohipo. Siku zake za mwisho aliendesha gari akiwa kitandani, mkono ukitafuta gia kwenye blanketi. Alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2023 Bodo alikuwa amekaa nyuma yake, amemwegemeza kifuani ili apate kupumua. Mamisoa akageuza shingo kidogo.

"Nyuma kuna mtu?"

"Nipo mimi," Bodo akasema. "Njoo taratibu."

Akamwegemea, hakuamka tena.

Ameacha mjane, Bodovoahangy, watoto watatu, Fetra, Onintsoa na Tokiniaina, wajukuu watano, dada yake Lalao, na Rolland, ambaye si wa damu lakini hakuna wa kumwambia hivyo leo.

Apumzike kwa amani, Mamisoa wetu. Tuliobaki nyuma tuko salama.